Mtoto Hajapatikana? Mume Naye Apimwe

Soko la Mwanjelwa limekusanya Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga, Wabena na wengine waliokuja Mbeya kutafuta riziki, na karibu kila mwanamke pale huitwa Mama Fulani. Asiye na wa kumwita mama ndiye mteja mkubwa wa wauza dawa. Mtaji wa ndizi na mkopo wa kikoba vinaishia kwenye chupa za "kusafisha kizazi", na mumewe hajapimwa hata mara moja.

Katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanaume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Nguvu za kiume si kipimo. Mtu anaweza kuwa nazo tele na mbegu zikawa chache, dhaifu, au zisiwepo kabisa. Hata aliyezaa zamani nje ya ndoa apimwe, maana hali ya mbegu hubadilika. Kipimo chenyewe ni cha shahawa, hakina kisu wala sindano. Ugumu ni kumfikisha kliniki, na mawifi wanaomsema mke wangesaidia zaidi kwa kumsukuma kaka yao.

Tunaita ugumba pale wenzi wanapokutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kinga na mimba isiingie. Mwanamke aliyevuka miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Aliyekuwa anachoma sindano ya uzazi wa mpango avute subira kidogo, kwani mimba huweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya kuacha. Tena yai huishi siku moja tu, na mbegu hadi siku 5. Mume anayeendesha lori la Tunduma na kulala nyumbani siku mbili kwa mwezi huenda anazikosa siku zenyewe.

Kwa wanawake, mirija ya uzazi iliyoziba ni sababu kubwa. Klamidia na kisonono, magonjwa ya zinaa, mara nyingi hayamwonyeshi mwanamke dalili. Hupanda taratibu na kuacha kovu. Maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa kienyeji hufanya vivyo hivyo. Kovu hilo halitoki kwa mitishamba, na dawa za kuchomeka ukeni zinaweza kuleta maambukizi mapya. Mirija hupigwa picha ya eksirei kwa dawa maalumu, ndipo ijulikane ilipoziba.

Wenye VVU nao, na mikoa yetu wako wengi, wasijinyime mtoto. Anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, na mama akiendelea na dawa, hatari kwa mtoto hushuka sana. Mwelezeni mhudumu mapema, kabla ya kuanza kutafuta.

Kwa mume anayekuja kupima: asikutane na mwanamke wala kujichua kwa siku 2 hadi 7 kabla. Akitolea sampuli nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja. Baridi ya Juni na Julai huziharibu mbegu, kwa hiyo kichupa akibebe ndani ya koti, karibu na mwili.