Nani mwingine ana swali hili?

Wahandisi wenzangu wa nyumbani huniuliza ninafanya kazi gani hasa huku Marekani. Nikiwajibu kwamba niko ofisi ya utafiti ya idara ya uchukuzi ya jimbo, wanadhani nashinda maabara nikivunja sampuli za zege. Nilipokuwa Morogoro ndivyo ilivyokuwa kweli: udongo, chekeche na tanuri kutwa. Siku hizi sampuli sizigusi. Naletewa swali na mhandisi wa madaraja, au na msimamizi wa karakana ya matengenezo, na kabla hatujazungumzia fedha natakiwa nijue nani mwingine ana swali hilo hilo.

Kwa nini kazi kama hiyo iwepo? Barabara kuu za hapa si mali ya serikali ya shirikisho. Washington inatoa fedha na kanuni, lakini mwenye barabara, anayetangaza zabuni na kumwandikia mkandarasi masharti ya ujenzi, ni jimbo. Majimbo ni 50. Ukiongeza Wilaya ya Columbia na Puerto Rico unapata idara 52 zinazounda AASHTO, jumuiya ya maofisa wa barabara na uchukuzi wa majimbo. Sheria inatenga asilimia 2 ya fedha kuu za barabara zinazogawiwa majimbo kwa ajili ya mipango na utafiti, na tangu 1991 angalau robo ya hizo lazima iende kwenye utafiti na kueneza matokeo yake. Kwa hiyo kila jimbo lina mfuko wake wa utafiti, na kila mfuko una wenyewe. Wasipozungumza, jibu moja litanunuliwa mara kumi.

Mazoea ya kuchangiana yaliletwa na malori. Baada ya Vita Kuu ya Pili malori yalizidi kuwa mazito, na majimbo yakaanza kuvutana: uzito gani unaharibu barabara, na kwa kiasi gani? Hakuna jimbo lililoweza kugharamia jibu peke yake. Mwaka 1950 majimbo 11 pamoja na Wilaya ya Columbia yalijaribu kipande cha barabara ya zege karibu na La Plata, Maryland. Muda mfupi baadaye majimbo ya magharibi yakajenga vitanzi vyao vya lami, yaani barabara za kuzunguka za majaribio, huko Malad, Idaho. Halafu likaja jaribio kubwa, karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960. Vilijengwa vitanzi sita vya barabara. Kimoja kiliachwa bila magari ili kionyeshe kazi ya jua, mvua na baridi peke yake. Kwenye vile vitano wanajeshi waliendesha malori kwa takribani miaka miwili, hadi ekseli, yaani mihimili inayobeba magurudumu, zikapita zaidi ya mara milioni moja. Gharama yake ilikuwa kama dola milioni 27 za wakati huo.

Mhandisi yeyote aliyesanifu barabara Tanzania au Kenya amekula matunda ya Ottawa. Ekseli sanifu ya kilonyutoni 80, yaani kama tani 8.16, ambayo tunaitumia kuhesabu mzigo wa magari, ndiyo iliyojengewa hesabu pale. Pale ndipo ilipoonekana kwamba ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara hayawi mara mbili bali yanakaribia mara 16. Ukiona lori limezuiwa kwenye mizani kwa sababu ya tani moja iliyozidi, sababu yake iko kwenye hesabu hiyo.

Lakini Ottawa ilikuwa na udongo wa aina moja chini ya barabara, na tabia ya nchi moja, ile ya Illinois yenye majira ya baridi yanayogandisha ardhi. Jaribio liliyapa majimbo yote kipimo cha pamoja. Majibu ya mahali pengine halikuweza kuyatoa. Kuratibu utafiti, kwa jinsi ninavyoielewa kazi hii baada ya miaka yote hii, ni kutenganisha mambo hayo mawili mapema, kabla fedha haijatoka. Swali likiletwa nauliza: jibu lake linategemea udongo, mvua au joto la mahali, au linabaki lile lile popote?

Chukua vyuma vya kinga vya pembeni mwa barabara. Gari la kilo 2,270 likikigonga chuma kwa kilomita 100 kwa saa, kwa pembe ya nyuzi 25, fizikia yake ni ile ile Kansas na Ohio. Hakuna sababu kila jimbo ligonge magari yake. Majimbo ya katikati ya nchi yalilitambua hilo zamani, yakaunda mfuko wa pamoja na kazi ikapewa kituo cha majaribio ya ajali cha Chuo Kikuu cha Nebraska mjini Lincoln. Pikapu na magari marefu yalipozidi barabarani, kituo hicho kilitengeneza mfumo mpya ambao ukingo wake wa juu uko inchi 31 kutoka ardhini, badala ya kama inchi 28 za zamani. Inchi tatu hivi. Naziheshimu sana inchi hizo, kwa sababu gari refu linaloruka juu ya kinga huenda likaishia upande wa pili wa barabara, ambako watu wengine wanakuja.

Mfuko wa pamoja nauelezea Watanzania kwa mfano wa kamati ya harusi, nao wananielewa papo hapo. Jimbo moja linakubali kuwa mwenyeji: linaandika mkataba, linasimamia fedha, linaitisha vikao. Mengine yanatoa ahadi, kila moja kwa uwezo wake. Kuna siku ya ahadi na kuna siku ya kuhamisha fedha, na aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati anajua kilichopo katikati ya siku hizo mbili. Mimi sipangi kazi kwa fedha ya ahadi. Kinachoyavuta majimbo ni kwamba kwa kawaida kila mradi wa utafiti huyataka yaongeze asilimia 20 kutoka mfukoni mwao, ila mradi wa mfuko wa pamoja unaweza kuombewa msamaha wa sehemu hiyo. Ndivyo Clear Roads ilivyokua, mfuko ulioanza 2004 kwa ajili ya matengenezo ya barabara wakati wa theluji na sasa una majimbo zaidi ya 30. Wanajaribu visu vya magari ya kukwangua theluji, chumvi, na namna ya kuimwaga bila kuipoteza.

Kwa maswali ya nchi nzima kuna chombo kikubwa zaidi, NCHRP, yaani mpango wa kitaifa wa ushirikiano wa utafiti wa barabara kuu, kilichoanzishwa 1962. Ukiniuliza nitakwambia ndicho mtoto wa Ottawa: badala ya kuchanga upya kila zogo linapozuka, majimbo yalikubaliana kuchanga kila mwaka. Kila jimbo linatoa asilimia 5.5 ya fedha zake za mipango na utafiti. Usimamizi uko chini ya Bodi ya Utafiti wa Uchukuzi, TRB, ambayo ina mizizi tangu 1920. Mradi hauanzi mpaka angalau theluthi mbili ya majimbo iukubali. Sharti hilo watu wengine wanaliona zito. Mimi nalipenda, kwa sababu majimbo yaliyopiga kura ya ndiyo huisubiri ripoti, na ripoti inayosubiriwa husomwa.

Mradi ukipita huundwa jopo la watu wa kujitolea, wengi wao kutoka idara za majimbo. Hawalipwi. Wao ndio wanaoandika hadidu za rejea, kuchagua mtafiti na kumfuatilia hadi mwisho. Nimekaa kwenye majopo kadhaa, na hapo ndipo nilipoielewa kazi yangu. Katika jopo moja tulikuwa na bwana kutoka jimbo la jangwani na mama kutoka jimbo la baridi kali, na asubuhi nzima iliishia kwenye neno moja: nyufa. Kwa bwana yule ufa wa lami ni ule unaoanza juu, lami ikishakauka kwa jua. Kwa mama yule ni ule unaokata barabara kutoka upande hadi upande usiku wa baridi, lami inaposinyaa. Kama tungemwachia mtafiti neno "nyufa" peke yake, angetuletea ripoti ya ufa wa jimbo lake. Hadi saa sita tulikuwa na sentensi mbili zilizokubalika kwa wote, na hakuna aliyeona tumepoteza muda.

Lami yenyewe ndiyo mfano wa maswali ya ile aina nyingine, ambayo majibu yake ni mengi kwa kuwa yanategemea mahali. Kati ya 1987 na miaka ya mwanzo ya 1990 ulifanyika mpango maalumu wa utafiti wa kimkakati wa barabara, uliogharimu dola milioni 150, fedha iliyokatwa kwenye mgao wa majimbo kwa asilimia 0.25. Haukutoa lami moja ya kutumika kila mahali. Ulitoa namna moja ya kuitaja. Lami inayoandikwa PG 64-22 (PG ni kifupi cha Kiingereza cha daraja la utendaji) imesanifiwa kwa barabara inayofikia nyuzi 64 za Selsiasi wakati wa joto na kushuka hadi nyuzi 22 chini ya sifuri. Minnesota wanaagiza inayohimili baridi zaidi, Arizona inayohimili joto zaidi, na wote wanasoma lebo moja. Lami ya 60/70 tunayoijua nyumbani hutajwa kwa jinsi sindano inavyozama ndani yake kwenye nyuzi 25. Inakueleza ugumu wake siku ya kawaida, na kidogo mno kuhusu siku mbaya. Mpango huo huo ndio ulioanza kufuatilia vipande vya barabara zaidi ya 2,500 Marekani na Kanada, kila kimoja na udongo wake na mvua yake, vyote vikipimwa kwa utaratibu mmoja. Ule upungufu wa Ottawa ndio uliokuwa unazibwa.

Alabama wana toleo jingine la wazo hilo. Karibu na Auburn kuna kitanzi cha maili 1.7 kilichojengwa mwaka 2000, chenye vipande 46 vya futi 200. Jimbo linalodhamini linaweka mchanganyiko wake kwenye kipande chake, mara nyingi kwa kokoto zilizosafirishwa kutoka kwao, na malori yale yale yanapita juu ya vyote. Jirani anatazama kipande cha jirani kikishinda au kikifeli. Hakuna cha kuficha.

Sasa nieleze tulipoumia. Miaka kadhaa iliyopita, jimbo nililokuwa nikifanyia kazi lililipia utafiti wa miaka miwili kuhusu vimiminika vya kupakwa juu ya madaraja ya zege, ili chumvi ya kuyeyushia barafu isipenye hadi kwenye nondo. Ripoti ilipokamilika, mhandisi wa jimbo jirani akatuambia kwa upole kwamba wao wana kazi kama hiyo, iliyomalizika zamani, madaraja yale yale, baridi ile ile. Tulikuwa tumetafuta kabla ya kuanza. Nilitafuta mimi mwenyewe. Sisi tulitafuta kwa maneno ya kuziba nyufa. Wao waliiandika kama kukinga uso wa zege. Kazi ya miaka miwili ilitupita kwa tofauti ya istilahi.

Ndiyo maana nasisitiza jambo ambalo wahandisi wengi wanaliona la wakutubi. TRB ina hazina kubwa ya kumbukumbu za utafiti inayoitwa TRID, yenye zaidi ya rekodi milioni moja, na kanuni za shirikisho zinataka majimbo yasajili miradi inayoendelea na ripoti zilizokamilika. Rekodi hizo hupangwa kwa orodha moja ya istilahi za uchukuzi, ili kitu kimoja kiwe na jina moja. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana: Dar es Salaam tunasema tuta, Nairobi wanasema bampu, na mtu akitafuta kwa neno moja tu anakosa nusu ya yaliyoandikwa. Siku hizi sipokei pendekezo la mradi bila karatasi inayoonyesha mtu ametafuta kwa maneno gani, pamoja na majina ya majimbo matatu aliyoyapigia simu. Simu bado inashinda kompyuta, kwa sababu mradi uliofeli mara nyingi hauna ripoti, lakini una mtu anayeukumbuka.

TRID iko wazi kwa mtu yeyote bila malipo, na ripoti za NCHRP pia. Mwaka huu mhandisi kijana wa Kanda ya Ziwa aliniandikia akiomba utafiti kuhusu barabara zinazopita kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Alikuwa ameshaanza kusoma kazi za Illinois, kwa kuwa jina la Ottawa lipo kwenye kila kitabu. Nilimwambia aziache kwanza aende Texas, kwenye ukanda wa udongo mweusi unaopita Dallas, ambako kwa miaka mingi wanapambana na udongo wenye tabia hiyo hiyo, wakiutuliza kwa chokaa. Nilimpa istilahi za kutafutia. Kisha nikamwomba anitumie vipimo vya udongo wake na mvua ya miaka kumi ya wilaya yake, tuviweke kando ya vya Texas tuone vinaachana wapi. Vipimo vya udongo vimefika wiki iliyopita. Vya mvua bado anavifuatilia.