Eksirei safi haimaanishi huna pumu

Wengi wakipigwa picha ya kifua na kuambiwa ni safi, huamini mapafu yao ni mazima. Si lazima. Eksirei huonyesha nimonia, makovu ya kifua kikuu, uvimbe. Pumu na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa (huu huwapata wavuta sigara, na pia akina mama waliopikia kuni miaka mingi) huharibu mwendo wa hewa, na mwendo hauonekani kwenye picha.

Kipimo chake ni spirometri. Unabanwa pua, unavuta pumzi hadi mwisho, kisha unapuliza kwa nguvu zote mpaka hewa iishe. Mashine hulinganisha hewa iliyotoka katika sekunde 1 ya kwanza na hewa yote. Uwiano ukibaki chini ya 0.70 hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia za hewa, na dalili zipo, ugonjwa huo sugu unathibitika.

Pumu ni ngumu zaidi: siku ambayo hujabanwa kifua, majibu yanaweza kuwa ya kawaida kabisa. Ndiyo maana mgonjwa hupewa kifaa kidogo cha kupuliza nyumbani, aandike namba asubuhi na jioni kwa wiki 2. Zikipishana sana, daktari amepata ushahidi. Inauma kuona mtu anamaliza dozi moja ya antibiotiki baada ya nyingine, na hajawahi kupulizishwa hata mara moja.