Je, wajua kwa nini kifaru cha kivita cha Covenanter kilitengenezwa kwa wingi halafu hakikupelekwa kupigana?

Hii stori inaniuma kila nikiikumbuka, maana Uingereza ilitengeneza Covenanter zaidi ya 1,700 kipindi cha Vita ya Pili ya Dunia, ambapo ilikuwa na shida kubwa ya vifaru.

Enzi zile Waingereza walikuwa na aina kuu mbili, vile vizito vya polepole vya kutembea na askari wa miguu, na vile vyepesi vya mbio walivyoviita kruza, kazi yake kupenya haraka na kumzunguka adui kama wapanda farasi wa zamani. Covenanter ni kruza, na jeshi lilitaka kiwe kifupi kisionekane kirahisi. Kazi ya kukichora ikapewa kampuni ya reli, London, Midland and Scottish. Wakachagua injini ya Meadows ya silinda 12 zilizolala, sita huku sita kule, kwa hiyo kimo kikapungua kweli lakini injini ikawa pana mno, nyuma kukakosa nafasi ya rejeta, kile kinachopooza maji ya injini, basi rejeta ikahamishiwa mbele kabisa, kushoto kwa dereva!

Hapo ndo shida ilipoanzia. Injini iko nyuma, rejeta iko mbele, na katikati wamekaa watu wanne, so mabomba ya maji ya moto yakawa yanapita humohumo walimo. Kama umewahi kukaa siti ya mbele kwenye gari ambalo injini iko chini ya makalio yako, utaelewa. Watu wanaungua na injini nayo inachemsha.

Mbona hawakugundua mapema? Oda ilitoka 1939 kifaru kikiwa bado mchoro tu, vita inanukia. Halafu 1940 wakapoteza karibu vifaru vyote walivyopeleka Ufaransa, wanaogopa Mjerumani atavuka bahari muda wowote, nani atasimamisha kiwanda? Wakatoa matoleo manne wakihangaika na upoozaji, wapi. Jangwani Afrika Kaskazini akaenda ndugu yake, kruza mwingine aitwaye Crusader.

Covenanter zikabaki kufundishia, hata divisheni ya vifaru ya Wapolandi ilizifanyia mazoezi kabla ya kwenda kupigana Normandy, Ufaransa, 1944. Ila chache zilitolewa mzinga zikabebeshwa daraja la kukunja, na 1945 Waaustralia wakazitumia kisiwani Bougainville kule Pasifiki, zinasogea ukingoni mwa kijito, daraja linafunguka kama mkasi, na vile vifaru vizito vya polepole, Matilda, vinapita juu yake kwenda kupigana.