Banda la okidi uani: kwa wenzangu wa Pwani

Mtu akinipigia simu kutaka kujenga kitalu nyumba cha okidi, kwanza namuuliza yuko wapi. Akisema Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, namwambia anunue nailoni, maana baridi ya usiku wa Julai kule itaidhoofisha Phalaenopsis, aina ya okidi inayopenda joto. Akisema Tanga au Dar es Salaam, namsihi asinunue chochote kabla hatujaongea.

Banda langu la kwanza hapa Tanga nililijenga kama la nyanya: nailoni juu, nailoni ubavuni, mlango wa kufunga. Ilipofika Februari, joto la kaskazi limepamba moto, kipimajoto kilisoma nyuzi 43 saa saba mchana. Haikupita wiki mbili, Phalaenopsis 11 zikaoza moyo, pale katikati majani yanapochipua. Baadhi nilikuwa nimezilea miaka sita. Niliumia sana.

Huku kwetu joto lipo tele. Kazi ya banda ni kupunguza jua na kuuachia upepo njia, hasa usiku. Okidi nyingi za juu ya miti, Phalaenopsis ikiwemo, hufungua vitundu vya majani giza likiingia, ndipo zivute hewa ya ukaa. Mchana huvifunga zisipoteze maji. Ukizifungia usiku ndani ya hewa nzito ya moto, umeziharibia saa zake za kazi.

Kwa hiyo banda la sasa halina kuta, lina neti tu. Liko mashariki mwa nyumba: linapata jua la asubuhi, na jua kali la alasiri linazuiwa na nyumba yenyewe. Ni mita 3 kwa 4, nguzo za mirunda, katikati kimo mita 3. Usilishushe paa ili kuokoa mbao, joto litakaa palepale kwenye majani.

Neti ndiyo roho ya banda. Phalaenopsis naziwekea inayozuia asilimia 70 ya jua, Dendrobium, aina nyingine ya okidi, ya asilimia 50. Kama huna kipimo, nyoosha mkono juu ya mimea saa sita mchana. Kivuli chenye kingo kali maana yake jua bado ni jingi. Kikiwa hafifu, kingo zimefifia, Phalaenopsis zitatulia. Nailoni nimebakiza kipande kimoja, juu ya Phalaenopsis, kuzikinga na mvua za masika zisijaze maji moyoni mwa mmea. Neti hukaa juu ya nailoni, sentimita 40 hivi zikiachwa kati yake, ili jua lipunguzwe kabla halijaifikia. Mafundi wengi hufanya kinyume. Wasimamie wakifanya kazi.

Vyungu viko juu ya kichanja cha papi zilizoachana, chini kokoto. Saa nne asubuhi namwagia kokoto maji, unyevu unapanda taratibu. Mimea yenyewe namwagilia mapema zaidi, jioni kamwe.

Ndani ya vyungu naweka vipande vya makumbi ya nazi na mkaa, udongo hata kidogo. Makumbi ya pwani yana chumvi: loweka siku tatu, badilisha maji kila siku. Kisima chako nacho kikiwa cha chumvi, ncha za mizizi zitakuwa nyeusi, basi kinga maji ya mvua. Mizizi yenyewe itakuambia kiu yake: ikikauka huwa nyeupe kama fedha, ikishiba maji hugeuka kijani.

Usishtuke maua yakigoma wakati wa kaskazi. Phalaenopsis husubiri joto lishuke chini ya nyuzi 26 hivi kwa wiki kadhaa, na huku hilo huja na kipupwe.

Ansellia africana, okidi yetu wenyewe yenye madoa kama ya chui, sikuiingiza bandani. Niliinunua kwa mkulima anayeotesha, maana za porini zinang'olewa mno. Nimeifunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya nje, upande wenye mwanga mwingi, na mizizi yake imeanza kusimama wima kama sindano, ikidaka majani makavu ya mwembe.