Je, Wajua Kiajemi Huonyeshaje Shaka Juu ya Jambo Lililokwisha Kupita?

Tunaposema "Labda Maryam amekwenda Shiraz", shaka yote imebebwa na neno "labda". Liondoe, na kitenzi "amekwenda" kitabaki vilevile, kikitoa habari ya yakini. Kiajemi, lugha ya Iran inayozungumzwa pia Afghanistan kwa jina la Kidari na Tajikistan kwa jina la Kitajiki, huitia shaka hiyo ndani ya kitenzi chenyewe.

Mwenye yakini husema "Maryam be Shiraz rafte ast". Rafte hutokana na raftan, yaani kwenda, na huonyesha kwamba mwendo umetimia, ilhali ast ni sawa na "ni" yetu. Asiye na hakika husema "Shayad Maryam be Shiraz rafte bashad". Shayad ni "huenda", na bashad ni kitenzi kilekile cha kuwa, ila kimechukua umbo la jambo lisilothibitishwa. Kazi imegawanywa vizuri mno: rafte hueleza kwamba tendo, kama lilitendeka, limekwisha, na bashad hueleza kwamba msemaji hawezi kuliapia. Mtendaji akibadilika, inayogeuka ni bashad tu: basham kwa mimi, bashi kwa wewe, bashand kwa wao.

Wanasarufi wa Iran huliita umbo hili mazi-ye eltezami. Mazi ni wakati uliopita, na eltezami imetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa neno "lazima". Kwa kawaida umbo lenyewe huletwa na neno la shaka, hofu au tumaini lililolitangulia: "Mitarsam gom shode bashad", nachelea amepotea, "Omidvaram raside bashad", natumaini amefika. Hata kukanusha kunatosha kulileta. "Fekr mikonam rafte ast" ni "nadhani amekwenda", lakini "sidhani kama amekwenda" huwa "Fekr nemikonam rafte bashad".

Mwanafunzi mgeni hujikwaa zaidi kwenye bayad, neno la ulazima. Mtu akifika mlangoni kwa mwenzake, akaona viatu vyake havipo, atasema "Bayad rafte bashad": bila shaka atakuwa amekwenda. Akisema "Bayad miraft", amesema jambo jingine kabisa, kwamba mwenzake alipaswa kwenda na hakwenda. Sentensi ya kwanza ni ya kukisia, ya pili ni ya kujuta au kulaumu, na kinachozitenga ni umbo la kitenzi peke yake.

Hiyo "atakuwa amekwenda" yetu yastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inafanana sana na ufundi wa Kiajemi: "atakuwa" hubeba makisio, "amekwenda" hubeba utimilifu, ila sisi hutanguliza kitenzi cha kuwa na Waajemi hukiweka mwisho.

Ufanano mwingine umo katika neno "labda". Asili yake ni la budda ya Kiarabu, maana yake "hapana budi", nasi tumeilegeza hadi ikawa neno la shaka. Waajemi nao waliichukua, wakaitamka labod, na kwao ina maana ya "bila shaka" ya mtu anayekisia. Imelegea kidogo tu, na ndiyo maana baada yake kwa kawaida husikii bashad, bali "Labod rafte ast".