Acha Kulaumu Amplifaya, Angalia Mito ya Hedifoni

Juzi imeletwa tena hedifoni. DT 770 ya Beyerdynamic, ya omu 250 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), draiva zote mbili, yaani vile vispika vya ndani, nzima, na mwenyewe kanijia na wimbo uleule: "Fundi, hizi omu 250 amplifaya yangu imeshindwa kuzisukuma. Zamani zilikuwa na besi, sasa zimekauka. Nichukue amplifaya gani kubwa zaidi? Na waya wa fedha utasaidia?"

Nikamwambia hebu zilete. Nikaubonyeza mto wa kushoto kwa kidole gumba, kidole kikagonga plastiki. Mto mzima hukizamisha kidole halafu ukakirudisha; huu ulikuwa umelala bapa kama sarafu, na upande wa chini, pale unapokutana na taya, palikuwa na uwazi wa kupitisha kalamu. Nilipouvua, kile kisponji chembamba kinachokaa mbele ya draiva kikabaki vidoleni mwangu kikiwa unga mweusi, kama majivu ya karatasi.

Na huyo alikuwa anatafuta amplifaya.

Sina ugomvi na mtu mwenye pesa za kuchezea. Anayenichosha ni yule anayedunduliza miezi sita, kisha zote anazimwagia kitu kisichogusa tatizo lake, akirudi ananiambia "kidogo imebadilika". Kwa hiyo naandika leo, nikiulizwa tena nitume kiungo tu nirudi kwenye solda yangu.

Ile nafasi ya hewa kati ya draiva na sikio lako ni kiungo cha hedifoni kama draiva yenyewe, na kuta zake ni mto. Mto ukishuka milimita chache, draiva inasogea karibu na sikio, pembe inabadilika, na uwiano wa sauti za kati na za juu unahama. Mto usipokaa vizuri, hewa inavuja, na kwenye hedifoni iliyofungwa nyuma kinachotoroka kwanza ni besi. Hakuna amplifaya duniani itakayoiziba tundu hiyo. Ukiongeza sauti unaongeza kila kitu, na besi inaendelea kuchungulia nje.

Kipimo chake hakihitaji hata senti. Weka wimbo wenye besi nzito, vaa hedifoni, kisha zikandamize taratibu kwa viganja vyote viwili. Besi ikijitokeza ghafla, umeshajua. Unavaa miwani? Inua mikono ya miwani juu ya masikio kidogo, usikilize tena. Nimewahi kumfanyia hivi jamaa mmoja aliyekuwa na hakika kabisa kwamba tatizo lake ni DAC, kile kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa umeme wa sauti. Alikaa kimya kama dakika nzima, miwani imeinuka usoni kama mwalimu mkuu.

Angalizo moja kabla hujakimbilia mito mipya. Mto wa kitambaa cha mahameli na mto wa ngozi ya bandia haviwi kitu kimoja kwa sababu tu vinaingia mahali pamoja. Ngozi hufunga hewa zaidi, mahameli hupumua. Ukibadilisha aina, unabadilisha hedifoni. Wengine huipenda ile mpya, ni sawa, lakini usiniambie umeikarabati. Ukitaka kurudisha sauti uliyoinunua, tafuta mto wa aina ileile kutoka kwa mtengenezaji yuleyule.

Sasa hizi omu. Hapa mniwie radhi nikiropoka.

Watu wameshika kwamba omu nyingi maana yake ni nzito kusukuma. Omu ni ukinzani tu. Hazikuambii hedifoni inatoa sauti kiasi gani kwa umeme inaoupewa. Hilo ni jambo la unyeti, na unyeti umeandikwa mstari unaofuata kwenye sanduku, ambao hakuna anayeusoma. Balaa zaidi, watengenezaji wengine huandika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1, wengine kwa volti 1, na watu wanazilinganisha namba hizo kama zimetoka kwenye mzani mmoja. Kwa hedifoni ya omu 32, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni karibu desibeli 15. Kwa ya omu 300 ni kama 5. Ukichanganya, utanunua upuuzi.

Tuchukue hedifoni mbili. DT 880 ya omu 600 ina unyeti wa desibeli 96 kwa miliwati. HE-6 ya HiFiMan ni omu 50 tu, lakini unyeti wake ni desibeli 83.5 kwa miliwati. Tuseme unataka zote mbili zifike desibeli 110 kwenye vilele vya muziki, ambayo ni kelele kubwa, usikae hapo. DT 880 inataka volti 3.9 hivi, miliampia 6 na nusu, miliwati 25. HE-6 inataka volti 4.7, miliampia 95, na karibu miliwati 450. Rudia kusoma. Yenye omu 50 inataka volti nyingi zaidi, mkondo karibu mara kumi na tano, na nguvu mara kumi na nane ya ile ya omu 600.

Na DT 770 ya mteja wangu? Omu 250, desibeli 96 kwa miliwati. Ukipiga hesabu ni desibeli 102 kwa volti 1. Kile kiwaya kidogo cha Apple cha kuchomeka kwenye USB-C, kile kinachopotea mfukoni kama sindano, toleo la Marekani hutoa volti 1. Kwa mtu anayesikiliza muziki wa siku hizi uliorekodiwa kwa sauti ya juu, inamtosha na kumchosha. Toleo la Ulaya hutoa nusu ya hiyo, kwa hiyo unapoteza desibeli 6. Hapo ndipo wengine huanza kulalamika, na wana haki.

Je, amplifaya haina kazi kabisa? Ina kazi. Ukisikiliza okestra iliyorekodiwa chini chini, ukifika mwisho wa sauti ungali unatamani zaidi, basi umeishiwa volti, nunua. Ukiwa na HE-6 na jamaa zake, nunua, na iwe ya maana. Lakini kama sauti unaiweka nusu na unasema "haina mwili", amplifaya kubwa itakupa nusu nyingine usiyoitumia.

Kuna jambo moja la amplifaya linalobadilisha sauti kweli, na ndilo watu hawaliulizi: ukinzani wa tundu lenyewe la kutolea sauti. Kanuni ya mafundi ni kwamba usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. HD 650 ya Sennheiser ni omu 300 kwa jina, ila kule chini kwenye besi hupanda kuelekea 500. Ichomeke kwenye tundu lenye omu 120, na vifaa vya namna hiyo vipo vingi kwa sababu kiwango cha mwaka 1996 cha IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, kilipendekeza 120, utaona besi imeinuka karibu desibeli 1. Nadhani hiyo desibeli 1 ni sehemu ya ule "ujoto" wanaousifu kwenye amplifaya za valvu, zile za mirija ya kioo. Kwa vile vidude vya ndani ya sikio vyenye draiva nyingi mambo yanaharibika haraka zaidi. SE846 ya Shure ni omu 9. Gawa kwa nane uone unabakiwa na nini.

Waya nitaumaliza upesi, maana nikikaa hapa nitatukana. Waya wa shaba wa mita 2, kwenda na kurudi, una ukinzani kama nusu omu. Kwenye hedifoni ya omu 300 hiyo ni hasara ya chini ya sehemu mbili za mia za desibeli moja. Fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia 6 hivi. Asilimia 6 ya kitu kisichosikika. Badilisha waya ukiwa umekatika, unakwaruza ukitikiswa, au ni mrefu mpaka unaukanyaga. DAC vilevile: kama haitoi mvumo wala mlio, iache ilipo.

Zana ninayoisukuma kwa kila mtu asiye na pesa ni ekwalaiza, ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti. Watu wanaidharau kwa sababu ni ya bure, na kwa sababu waliwahi kuvuta vitufe vya besi na trebo vya redio ya zamani wakapata uji. Naongelea ekwalaiza ya parametriki: unachagua masafa (unene au wembamba wa sauti), upana na kiasi. Kwenye Windows kuna Equalizer APO, kwenye Android kuna Wavelet, na mradi wa AutoEq wa Jaakko Pasanen umeshakusanya marekebisho ya hedifoni nyingi mno. Mengi yanaelekea mkunjo (mchoro wa kiasi cha sauti kwa kila masafa) uliotokana na kazi ya Sean Olive na wenzake wa Harman, ambao kuanzia 2012 waliwasikilizisha watu na kuwauliza wanapenda nini. Na kama unadhani bei inakununulia mkunjo mzuri, mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha ulinganisho wa hedifoni 283 na hakuona uhusiano kati ya bei na mwitikio wa masafa.

Ila msinielewe vibaya, ekwalaiza ina mitego, na miwili nimeikanyaga mwenyewe. Kwanza, ukiinua besi desibeli 6 lazima ushushe sauti yote desibeli 6, la sivyo vilele vinakatwa na utasikia mikwaruzo. Ukishazishusha, volti zako zimepungua nusu. Kwa hiyo ndiyo, ekwalaiza inaweza kukufanya uhitaji amplifaya ambayo nimetoka kukukataza. Nacheka ninapoandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Pili, marekebisho yale yalipimwa kwenye hedifoni yenye mito mizima, juu ya kichwa cha bandia. Kama mito yako imelala, au umeweka ya aina nyingine, unarekebisha hedifoni ya mtu mwingine. Na juu ya masafa ya hezi 10,000 hivi mimi siamini vipimo vya mtu, vyangu vikiwemo. Sikio lako halina umbo la sikio la silikoni. Ukisogeza kikombe nusu sentimita, vilele vya huko juu vinahama. Marekebisho membamba ya eneo hilo nayafuta yote, nabakiza mteremko mpana tu.

Halafu kuna ninachoshindwa kukieleza. Nimezichukua hedifoni mbili, nikazilinganisha kwa ekwalaiza mpaka michoro ikakaribia kulaliana, na bado sikuwahi kuzichanganya nikizivaa. Moja nafasi yake ilikuwa pana, nyingine muziki ulikaa kwenye paji la uso. Ni vipimo vyangu vibovu? Ni umbo la vikombe na jinsi sikio linavyokaa ndani? Ni uzito wake kichwani unaoniambia ninayoisikiliza? Nadhani ni mchanganyiko, lakini sijaweza kuvitenganisha. Na ndiyo, nyumbani nina amplifaya ya valvu. Nimeipima, naijua ile desibeli 1 yake inakotoka, na bado usiku naiwasha hiyo.

Masikio yangu siyaamini kwa sababu yameshaniaibisha. Niliwahi kulinganisha amplifaya mbili, nikaandika kurasa mbili za sifa: ya pili "ina uwazi, ala zimetengana". Baadaye nikachukua multimita, kile kipima umeme. Ya kwanza ilikuwa inatoa milivolti 310, ya pili 340. Hiyo ni desibeli 0.8. Sikio halikuambii "hii imepazwa", linakuambia "hii ni nzuri". Nilipozisawazisha na kumwomba mtu azibadilishe nisione, nilipatia mara 9 kati ya 16. Ningerusha shilingi ningepata hivyohivyo. Ukitaka kujaribu, sawazisha mpaka tofauti iwe chini ya desibeli 0.1, na tumia mlio wa hezi 100, usitumie wa 1,000, maana multimita za kawaida zimeundwa kwa umeme wa ukutani na hupotea masafa yakipanda.

Ukinunua iliyotumika, na kwa bajeti finyu ndiyo njia ninayoipenda, chagua yenye vipuri. HD 600 ipo tangu 1997 na karibu kila kipande chake kinachomoka kwa mkono. Kabla hujatoa pesa, piga sauti ya mono, ileile pande zote mbili: mwimbaji akae katikati. Akiegemea upande mmoja, geuza hedifoni kushoto kulia. Akihama nayo, ni draiva, mto au amplifaya. Akibaki palepale, ni masikio yako.

Yule wa DT 770 alirudi na mito mipya. Kuiingiza ni adhabu, kwa sababu ule mdomo wa kitambaa unapaswa kulala ndani ya mfereji kuzunguka kikombe chote, na ukishauweka upande huu unachomoka ule. Nilitumia kadi ya plastiki na maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Akavaa, akaweka wimbo wake, akatoa macho. Kisha akavua, akaniuliza, "Sasa fundi, na ule waya wa fedha?"

Waya wa DT 770 hii hauchomoki, umechomelewa ndani. Nikamwonyesha. Akasema basi tukate.

Nimeukata kweli, ila ni kwa sababu karibu na plagi gurudumu la kiti lilikuwa limeshaula mpaka shaba. Nikautoa mfupi, nikaweka plagi mpya.

Anasema sauti imefunguka.