Faida Ni Kipimo Tu

Wanafunzi wangu wa maadili ya biashara hapa Mombasa huja na jibu mkononi: lengo la biashara ni faida, basi. Jibu hilo lina mtetezi mkubwa. Mwaka 1970 Milton Friedman, mwanauchumi wa Marekani, aliandika kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida. Wengi humkatiza hapo, na si haki, kwa sababu aliweka sharti: bila ulaghai wala hila. Alisema pia kwamba meneja ni mwajiriwa wa wenye hisa, hivyo hisani anayoitoa anaitoa kwa pesa za wengine. Hilo namkubalia.

Kwenye lengo ndipo tunapoachana. Nenda Biashara Street. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili bado vimeungana, na barazani fundi anangoja na cherehani yake. Mtazame anavyozitenganisha, anavyokunja ukingo kwa kidole gumba na kuupitisha chini ya sindano pole pole, mstari usipinde. Akishona ovyo, nyuzi zitafumuka leso ikishafuliwa, lakini hapo yeye keshalipwa zamani. Mteja akiwa mgeni wa kupita, hata hatari ya kumpoteza haipo. Na bado fundi mzuri humshonea mgeni vile vile anavyomshonea jirani. Anayeijua faida peke yake hawezi kunieleza kwa nini.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angeweza. Alisema lengo la utabibu ni afya, na kwamba wapo wanaogeuza kila fani kuwa njia ya kupata pesa, na tamaa yao haina kikomo. Peter Drucker naye, mwandishi wa mambo ya usimamizi wa biashara, mwaka 1954 aliandika kwamba lengo la biashara ni kuunda mteja. Faida ni kipimo cha kuonyesha kama inafanya vizuri. Kipimo hicho ni cha lazima. Duka lisilopata faida hufungwa, na barazani pa fundi hubaki patupu.

Kwa mteja huyo wa Drucker, mimi namwongeza mfanyakazi. Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa mji huu waligoma, makuli wa bandari wakiwamo. Wengi bandarini waliajiriwa kwa kutwa: leo umechukuliwa, kesho umeachwa. Walidai mshahara wa kuishi nao, na mshahara ndio unaomwezesha mtu kuijali kazi yake badala ya kuikimbiza tu.

Ndiyo maana mfanyabiashara akiniletea vitabu vyake vya hesabu, kabla sijafika kwenye faida namuuliza mishahara hulipwa tarehe ngapi, na wateja wakirudi hurudi kulalamikia nini.